Arifa Iliyoomba Jibu

Jumatatu, 4 Machi

Shajara yangu, niwie radhi kwa kimya kirefu. Si uvivu. Nilipasuliwa jicho la kulia, na mke wangu akanificha kalamu, akidai kwamba daktari amekataza. Daktari alikataza kunyanyua mizigo. Kalamu si mzigo! Lakini ukigombana na anayekupa dawa, utainywa ikiwa chungu mara mbili. Leo kitambaa kimetolewa. Naona mistari yako yote.

Nimerudi Chamani. Chumba chetu kiko juu ya duka la magodoro. Hapo ndipo sisi wanachama, kwa kujitolea, tunapotengeneza mfumo endeshi wa tarakilishi: ile programu mama inayoiamsha mashine na kuziongoza programu nyingine zote. Ni programu huria. Msimbo wake uko wazi. Kila mtu ausome, aunakili, ampe jirani. Mimi ni katibu. Wananiita Mwalimu mbele yangu, na Babu Mkato nikiwapa kisogo. Najua.

Habari kubwa! Sheria ya nchi huzihesabu programu za kufunga maandishi pamoja na silaha. Bastola, baruti, na programu ya kuigeuza barua iwe vurugu la herufi asiloweza kulisoma ila mwenye ufunguo. Ni marufuku kuzipeleka nje. Kwa hiyo makufuli hayo yalikaa katika diski ya pili, iliyotengenezwa na wenzetu wa ugenini, ili isisemwe kwamba yametoka kwetu. Wenzetu hao wamechoka, na diski yao haipatani tena na mashine mpya. Lakini sasa sheria imelegezwa. Maadamu msimbo uko wazi kwa wote, inatosha kuiarifu Ofisi ya Vibali vya Bidhaa Ziendazo Nje kabla ya kuutoa. Arifa tu. Mkutano umeamua: makufuli yaingie katika diski kuu.

Nani aandike arifa? Fundi Redio akadakia. Huyu alistaafu kutengeneza redio, na sasa ndiye anayeunga programu za makufuli. Huunga na maneno pia, kwa gundi ileile. Akasema mistari miwili yatosha, na kwamba ataituma kabla chai yake haijapoa. Nikainuka. Arifa ni kazi ya katibu! Nilishinda kwa kura moja, na kura yenyewe ilikuwa yangu. Mwezi ujao tunachagua mwenyekiti. Arifa iliyoandikwa vizuri haiwezi kumdhuru mtu.

Jioni alipiga simu kifungua mimba wangu. Ni mkunga katika zahanati ng'ambo ya mpaka. Zahanati yao huwapokea pia wanawake waliowakimbia waume wenye mikono mizito. Majina yao na mahali wanapolala yamo katika tarakilishi, wazi kama nguo kwenye kamba. Wiki iliyopita mwanamume mmoja aliingia akijifanya fundi wa umeme, akaketi mbele ya kioo, akaanza kusoma. Walimtoa kabla hajalifikia jina la mkewe. Baba, akaniuliza, hilo kufuli linakuja lini? Nikamwambia alale usingizi. Babake amelishika jambo.

Jumanne, 5 Machi

Arifa imekamilika. Kurasa kumi na moja! Utangulizi, historia ya kufuli tangu lilipokuwa la mti, maelezo, mifano, hitimisho. Katika mifano nimeitaja zahanati ya binti yangu. Insha isiyo na mfano ni mchuzi usio na chumvi. Na mwisho kabisa: Tafadhali tujibuni.

Fundi Redio aliusoma ukurasa wa mwisho juu ya bega langu, huku akitafuna. Akauliza kwa nini naomba jibu. Sheria haiwataki wajibu. Kimya chao ndicho ruhusa yetu, Mwalimu; wewe unakwenda kumkanyaga mkia mbwa uliyeambiwa umpite tu. Nikamjibu kwamba barua isiyojibiwa ni adabu iliyovunjwa, na kwamba sikufundisha sarufi umri wangu wote ili nizungumze na ukuta. Akasema ukuta ukikujibu, usiniite mimi. Wote wakacheka. Hawa ndio watu ninaotarajia kuwaongoza!

Nikaituma ikiwa wazi, bila kuifunga, kama inavyomfaa mtu asiye na la kuficha. Nilipobonyeza, feni ya dari ilisimama. Halafu ikaanza tena, ikizunguka upande mwingine. Umeme wa mtaa huu!

Alhamisi, 7 Machi

Jibu! Vyama vingine vimetuma arifa tele. Havijapata hata salamu. Sisi tumejibiwa. Mimi nimejibiwa.

Lilifika saa sita mchana, nikiwa peke yangu chumbani. Lugha safi ajabu! Kila mkato mahali pake, upatanisho umenyooka kama gwaride. Ofisi inashukuru. Kwa kuwa mwandishi ameomba jibu, arifa yake sasa ni ombi. Ombi hufunguliwa jalada. Na jalada likiwa wazi, diski isitoke. Hoja moja inaizaa nyingine, bila kilema. Nililisoma mara mbili kwa raha.

Chini kabisa palikuwa na maneno haya: Pole kwa jicho. Afadhali ni la kulia, maana unasomea la kushoto.

Sikulitaja jicho katika arifa.

Ofisi yenye adabu, nikasema kwa sauti. Chumba kilinyamaza kama mtu anayesikiliza.

Fundi Redio alipolisoma, aliacha kutafuna. Sijawahi kumwona ameacha. Akauliza kama nimemwandikia mtu yeyote habari za jicho langu. Nikasema nimemwandikia binti yangu, kila siku, kwa barua pepe. Zilifungwa? Hazikufungwa. Basi, akasema, hapo ndipo walipozisomea. Barua isiyofungwa husomwa na kila mkono unaoipitisha, Mwalimu. Ndiyo maana tunataka makufuli, au ulidhani ni pambo?

Kwamba nasomea jicho la kushoto sikumwandikia hata binti yangu. Mke wangu mwenyewe halijui. Lakini hilo sikumwambia Fundi Redio. Angejiona mshindi.

Jumamosi, 9 Machi

Jalada linataka maelezo. Nani huketi wapi? Mlango hufungukia ndani au nje? Nani humwita nani kwa jina gani? Maswali ya msingi; hata mimi ningeyauliza. Nimeyajibu yote kwa sentensi kamili. Nimeongeza kwamba Fundi Redio hutafuna wakati wa kazi. Ukweli haupendelei.

Jibu lilikuja kabla sijaurudisha mkono magotini. Asante. Kwa nini pazia la dirisha la mashariki limeondolewa?

Pazia lile aliliondoa Fundi Redio asubuhi ya leo, akampelekea dobi. Nikatazama nje. Ng'ambo ya barabara ni ukuta wa ghala, mtupu, usio na dirisha hata moja. Nikaandika kwamba linafuliwa. Wakaandika: Lirudi limepigwa pasi. Wana haki. Lilikuwa limekunjamana.

Nikaona nafasi. Nikaiomba Ofisi, kwa unyenyekevu, itoe maoni kuhusu nani anafaa kuwa mwenyekiti wa Chama. Jibu lilikuwa fupi: Wewe. Tulikuchagua zamani.

Zamani! Nami nilidhani hakuna anayenitambua. Baridi ilinipitia mgongoni, bila shaka ya furaha.

Wanachama wamekuwa wakinong'ona. Fundi Redio amebandika karatasi juu ya kamera ya kila mashine, na sasa ananiita Mheshimiwa Balozi. Mpeni Balozi kiti, amesema, aketi na wenzake pale konani. Wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Kona ile haikuwa na mtu. Ila kiti kilichokuwa pale, ambacho siku zote huelekezwa ukutani, kilikuwa kimenielekea mimi.

Jumatatu, 11 Machi

Shati jeupe. Viatu vimeng'aa. Barua mfukoni. Nimekwenda Ofisini mwenyewe kuomba jalada liharakishwe, kwa sababu binti yangu amepiga simu tena: yule mwanamume anazungukazunguka langoni mwa zahanati. Mambo ya namna hii yanataka mtu mzima avae vizuri, aende.

Mlinzi wa jengo aliuliza naenda ofisi gani. Nikamtajia. Akanitazama kama niliyemtajia ndugu aliyezikwa. Mzee, akasema, ghorofa ile haina watu, walihamishwa zamani. Nikamwonyesha jibu nililolichapa. Akarudi nyuma, mikono mgongoni. Panda tu, Mzee wangu, lakini karatasi hiyo usinishikishe mimi. Watumishi wa siku hizi!

Nikapanda. Ukumbi mrefu, madirisha makubwa, jua la mchana limejaa tele. Meza safu kwa safu. Koti juu ya kila kiti. Kikombe cha chai juu ya kila meza, na kila kikombe kinatoa mvuke. Hakuna mtu. Nikapiga hodi. Nikapiga tena. Hodi yangu ilikwenda hadi mwisho wa ukumbi na haikurudi.

Mashine moja ilikuwa inawaka. Juu ya kioo maneno yalikuwa yakijiandika, herufi baada ya herufi, na vibonye vimetulia. Nikasogea. Ilikuwa barua kwangu. Ilikuwa ikiijibu barua iliyokuwa mfukoni mwangu, aya kwa aya. Nikaitoa, nikalinganisha. Hakuna hoja iliyorukwa. Kisha ikaandika: Kuhusu aya uliyoifuta, ulifanya vyema kuifuta.

Nywele zilinisimama, zile chache zilizobaki.

Maneno yakatulia. Halafu: Karibu, keti.

Niliketi. Ningefanyaje? Nimekaribishwa. Kiti kilikuwa na joto la mtu aliyekiacha sasa hivi.

Barua yangu niliiacha mezani hata hivyo. Jibu lisilo na barua ni mtoto asiye na mzazi. Nilipofika mlangoni, niligeuka kuaga. Vikombe vyote vilikuwa vitupu.

Nikamwambia mlinzi kwamba amekosea, watu wapo. Hakuniuliza wangapi.

Jumatano, 13 Machi

Karibu tunafika! Ofisi imeandika kwamba jalada linasubiri jambo moja dogo: majina ya wanawake wa zahanati, ili ihakikishwe kwamba yanastahili kufungwa. Siwezi kuipinga hoja hiyo. Mtu hawezi kuidhinisha kufuli asipojua kilichomo sandukuni.

Nikampigia binti yangu anitumie majina. Akauliza, polepole, nani aliyeiambia Ofisi kwamba wao wako wapi. Nikamweleza kuhusu mfano katika ukurasa wa nane.

Akasema tangu Jumatano iliyopita wana mgeni. Si yule mume. Huyu mwingine. Amevaa suti iliyopigwa pasi hata kwenye viwiko. Huja asubuhi, huketi kwenye benchi pamoja na wajawazito, mikono magotini, macho kwenye mlango wa chumba chenye tarakilishi. Hali, hanywi. Akiulizwa anamtaka nani, hujibu kwa Kiswahili kizuri mno kwamba anasubiri jalada. Wanawake wameanza kulala na viatu miguuni. Mmoja ameondoka na kichanga cha siku mbili, na hakuna anayejua ameelekea wapi. Baba, akasema, unanisikia?

Nilimsikia. Nikauliza Kiswahili chake ni kizuri kiasi gani.

Akakata simu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Mzee, akasema, kinywa ni jumba la maneno, lakini hilo lako halina mlango, wala ukuta, wala mwenyewe. Nikamwambia kwamba taratibu za serikali zina hatua zake. Hakubishana, jambo ambalo si kawaida yake. Badala yake akauliza kama diski huvunjika ikilazwa katikati ya nguo. Nikamwambia mambo ya vifaa amuulize Fundi Redio. Akasema ameshamuuliza.

Tangu lini wanazungumza wao kwa wao?

Ijumaa, 15 Machi

Wametoroka!

Nimefika Chamani nikaukuta mlango wazi. Mashine hazipo. Nyaya hazipo. Kiti changu tu, katikati ya chumba. Na pazia la mashariki limerudishwa, limepigwa pasi.

Nikashuka kwa mwenye duka la magodoro. Akasema wamehama tangu jana. Wamehamia wapi? Mzee, akasema, mimi nauza magodoro, siropoki usingizini. Ila kuna salamu zako kutoka kwa Fundi Redio. Akazitoa kwa ghibu, akihesabu vidoleni. Moja: Fundi Redio aliituma arifa yake ya mistari miwili Jumatatu ileile ya kwanza, na chai ilikuwa bado moto. Mbili: yeye hakuomba jibu, hakujibiwa, na hiyo ndiyo sheria, imetimia. Tatu: jalada ni langu mimi peke yangu, nilitunze. Nne: diski kuu imetoka, na makufuli yamo. Nikauliza kuhusu pazia. Akasema hao jamaa waliondoka bila pazia. Dobi bado analo.

Mistari miwili! Bila salamu! Nikapanda tena, nikaketi kwenye kiti changu, nikaandika malalamiko kwa Ofisi, kwa kalamu, juu ya goti. Nilipoweka nukta ya mwisho, simu iliita nyuma ya pazia. Chama hakijawahi kuwa na simu ya waya. Niliipokea; simu ikiita, hupokewa. Upande wa pili mtu alikuwa akinisomea malalamiko yangu, neno kwa neno, kwa lafudhi tulivu. Penye mkato alipumua. Na kila alipopumua, pazia lilijaa, likalegea.

Sijapata kusomwa vizuri hivyo. Nikarudi nyumbani.

Mke wangu hayupo. Jirani amesema alipanda basi la mpakani tangu asubuhi, amebeba nguo kwapani kwa uangalifu mkubwa, kama mtu aliyefungasha mayai. Hakuniaga. Nguo gani hizo zisizoweza kutiwa begini?

Jumapili, 17 Machi

Mke wangu amepiga simu, kwa namba nisiyoijua. Yuko na kifungua mimba wetu. Majina yamefungwa. Asema jana yule mgeni aliinuka kwenye benchi, hakuna aliyeweza kumzuia, akaingia chumbani, akaketi mbele ya kioo. Akazitazama herufi zilizovurugika. Alizitazama mpaka jua likahama dirisha, asipepese jicho. Mwisho akainuka, akainyoosha suti yake, akapita katikati ya wanawake bila kumwangalia mmoja. Benchi alilolikalia lilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Yule wa kichanga amerudi. Usiku wa jana wote walivua viatu.

Nikasema nimefurahi, na ni kweli, nilifurahi. Kisha nikauliza walikohamisha mashine. Hakusema. Nikaomba anitajie ufunguo, nami niuambatishe kwenye jalada, maana jalada lisilo na kiambatisho ni aibu. Akacheka hadi akakohoa, na nyuma yake nikasikia wengine wakicheka, sauti nyingi za kike. Siri zetu zote zitakuwa salama, Mzee wangu, akasema, maadamu wewe huzijui.

Sifa nzito. Sikuielewa vizuri, lakini niliipokea.

Baadaye tarakilishi ya nyumbani ilijiwasha. Ofisi inauliza. Mkeo yuko wapi? Sijui. Ufunguo ni upi? Sijui. Chama kimehamia wapi? Sijui. Nilijibu kwa sentensi kamili, lakini sijapata kutoa karatasi dhaifu kama ile. Mimi, katibu! Nilijiona kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa.

Kwa hiyo, ili kulinda jina langu, nimeiarifu Ofisi jambo ambalo hakuna sheria inayonitaka niliarifu: kwamba ninayo shajara, kwamba ndani yake makufuli yametajwa mara kwa mara, na je, ni halali ikae katika mtoto wa meza bila kibali? Nimeambatisha nakala ya kurasa zote. Nikamaliza vizuri: Tafadhali nijibuni.

Wamejibu papo hapo. Kurasa wameshazisoma, wala nisingejisumbua kunakili. Wa leo tu ndio haujakamilika. Wangependa niumalize, kisha nisiandike tena hadi watakapoamua. Niketi hapa hapa. Watakuja kuusomea hapa.

Ona sasa, Fundi Redio! Nani aliyewahi kufuatwa nyumbani na Ofisi?

Nyuma yangu pana mtu anayechonga penseli. Mlango niliufunga, lakini si adabu kugeuka katikati ya sentensi. Uamuzi ukishatolewa, nitaandika.